Plagi ya Pini Nane

Wazee waliotuachia methali hawakuwahi kuona kompyuta, lakini milango waliijua vizuri. Walimwona mtu akisukuma kwa bega mlango unaovutwa, wakamwona mwingine akilipiga teke kufuli lililokuwa likingoja kuzungushwa kidogo tu. Wakatuambia kwamba kila mlango na ufunguo wake: kila jambo lina njia yake ya kuliingia, na kila mtu ana neno lake la kumfungua. Nguvu, haraka na mazoea ya mlango mwingine havifui dafu. Ukweli huo ulimfika mama mmoja mchoraji wa ramani za majengo, katika juma ambalo hakuwa na hata saa moja ya kupoteza.

Watu walimwita Mama Rula. Jina hilo alibandikwa na wafanyakazi wenzake wa zamani, kwa sababu hata mkate alikuwa akiukata kwa mistari iliyonyooka. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vioo, chenye dirisha pana, meza ya kuchorea iliyoinamishwa, na rafu ya makaratasi yaliyoviringishwa kama mikeka. Mwaka ule alipewa kazi iliyomkaa moyoni kuliko zote alizowahi kufanya: kuchora wodi ya wazazi ya zahanati iliyokuwa mitaa miwili kutoka pale. Muuguzi mkuu alimchukua mwenyewe akajionee. Vilikuwa vitanda vitatu kwenye ujia, nyuma ya pazia, na kila aliyekwenda kuchukua dawa alipita akisikia vilio vya wanaojifungua.

"Mama," muuguzi alimwambia kwa sauti ya chini, "wengine watakuomba vigae na rangi. Mimi naomba ukuta. Mwanamke akilia, alie peke yake."

Kazi ya namna hiyo haikuwezekana kwenye kompyuta yake ya zamani, ambayo ilikuwa ikifungua mchoro mmoja kwa muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Hivyo Mama Rula alikwenda kwenye duka la kompyuta zilizotumika na kukarabatiwa, akachagua mashine moja nyeusi, nzito kama gunia la saruji, yenye nembo ya kampuni kubwa iliyojulikana dunia nzima. Muuzaji alikuwa kijana mwembamba aliyezoea kusema na wateja huku akipangusa vumbi.

"Hii ilikuwa ya ofisi ya wahandisi," alisema. "Imefunguliwa, imesafishwa, imepimwa. Itakuchorea mpaka uchoke wewe. Ila nikwambie ukweli, mama, usije ukanilaumu. Hawa wakubwa hutengeneza kila kitu kivyao. Feni yao, plagi yao, hata skurubu zao. Ikiharibika, usidhani utaokota kipuri popote."

"Kwani mimi nakwenda kuifungua?" Mama Rula alicheka. "Nakwenda kuchora."

Muuzaji akatikisa kichwa, akamfungia mashine kwenye boksi. Kabla Mama Rula hajaondoka, kijana alimwekea pia kufuli la siri kwenye diski, ili michoro ya wateja isisomwe na mwizi hata akiiba mashine.

Kwa miezi miwili mashine ilifanya kazi bila kuhema. Kuta za wodi zilisimama kwenye kioo, madirisha yakapata mwanga wa asubuhi, mabomba yakajua yanakotoka na yanakokwenda. Karatasi kumi na nne zilikamilika. Kamati ya wahandisi ilikuwa ikutane Ijumaa saa sita mchana, na ramani ambayo isingekuwa mezani saa hiyo ingesubiri mwaka mzima. Jumanne asubuhi Mama Rula alipanda ngazi akiimba, akabonyeza kitufe cha kuwashia, na pakawa kimya.

Akabonyeza tena. Kimya. Akachomoa waya, akauchomeka. Akajaribu soketi nyingine, kisha akachomeka taa ya mezani kwenye soketi hiyohiyo, na taa ikawaka kama inayomcheka. Mashine ilikaa pale, baridi kama jiwe la mtoni. Kwenye flashi yake alikuwa na karatasi sita tu za mwanzo. Nane zilizobaki, pamoja na hesabu zote za mabomba, zilikuwa ndani ya kasha lile.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa umeme wa majumbani aliyeitwa Koleo. Alikuwa mtu mkarimu asiyehitaji kuitwa mara mbili, na mikono yake ilikuwa na ufundi wa kweli. Kasoro yake ilikuwa moja: kitu kikimkatalia alikichukulia kama tusi.

"Shemeji, mashine ni mashine," alisema, akiweka mfuko wa vifaa juu ya meza. "Ina nyaya, ina umeme. Mimi na umeme tumekua pamoja."

Alitafuta skurubu za kufungulia kasha, akakosa hata moja. Akaingiza bisibisi kwenye ufa wa ubavuni, akaanza kubanjua. Mama Rula akaona chuma kinaanza kupinda.

"Ngoja, ngoja!" Akapitisha vidole juu ya ubavu wa kasha taratibu, kama mtu anayetafuta pindo la nguo, mpaka vikagota kwenye kijishikio kidogo cheusi. Akakiinua. Kifuniko kikaachia chenyewe, bila sauti, kama mlango wa kabati la mbao nzuri.

"Hata mimi ningekiona," Koleo alisema.

Simu ikalia. Alikuwa muuguzi mkuu, akiuliza kama kila kitu kiko sawa, na Mama Rula akatoka kwenye kibaraza kumjibu, maana hakutaka uongo wake usikike ndani. Aliporudi alimkuta Koleo ameshatoa hukumu. Feni ya mbele, alisema, ilikuwa imechakaa na ndiyo iliyoua mashine kwa joto. Alikuwa ameing'oa na kupachika feni mpya aliyokuwa nayo, yenye taa za rangi tatu. Plagi yake ilikuwa na matundu manne na kwenye bodi, ubao mkuu wa ndani ya mashine, palikuwa na pini tano, lakini alikuwa ameshindilia mpaka ikakaa. Feni ya zamani ilikuwa tayari imeingia mfukoni mwake.

Mashine haikuwaka. Koleo akasema basi ni pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Alikwenda akarudi na mpya. Ilikuwa pana kuliko nafasi yake, na plagi yake kubwa ilikuwa na matundu ishirini na manne, ilhali bodi ya mashine ile ilikuwa na pini nane tu.

"Hii si shida," Koleo alisema, akitoa koleo lililompa jina. "Tunakata, tunaunganisha nyaya moja moja. Nyekundu kwa nyekundu."

"Humu hamna nyekundu, shemeji."

"Basi tunakisia."

Ni neno hilo, kukisia, lililomfanya Mama Rula auweke mkono wake juu ya mkono wa shemejiye. Maishani mwake hakuwahi kukisia hata unene wa ukuta. "Usikate," alisema. "Nakushukuru, lakini usikate."

Koleo alikunja uso, akakunja na vifaa vyake. "Haya. Ukipata fundi wa Ulaya uniambie." Akateremka ngazi kwa vishindo.

Mama Rula alibaki peke yake na kasha lililo wazi. Alitaka kulia. Lakini kadiri alivyotazama ndani, ndivyo machozi yalivyochelewa na nafasi yake ikashikwa na kitu kingine. Kulikuwa na mpangilio mle. Kila waya ulikuwa na njia yake ya kupita, umebanwa kwa vishikizo vidogo. Kila kilichopaswa kuguswa na mkono wa mtu kilikuwa na alama ya buluu, na kila kisichopaswa kuguswa kilikuwa cheusi. Hii ilikuwa ramani. Kuna mtu mahali fulani aliyekaa mezani kama yeye akaichora, akiwa na sababu. Sababu gani? Kwa nini pini nane? Kwa nini si ishirini na nne kama wengine?

Akavuta kiti. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuwa akiiogopa mashine, alikuwa akiitazama. Nyuma ya kasha, karibu na tundu la waya wa umeme, aliona kitufe kidogo kama punje ya dengu na kijitaa kando yake. Alitafuta maelezo kwenye simu, akayapata: ukikibonyeza na kijitaa kikawaka kijani, pawa saplai ni nzima. Alikibonyeza. Hakikuwaka. Basi angalau alijua mgonjwa ni nani.

Jumatano asubuhi aliichomoa diski akaipeleka kwenye duka la uchapaji la jirani, akitumaini kuokoa michoro kwa kompyuta nyingine. Kompyuta ile ikaomba namba ya kufungulia, yenye tarakimu arobaini na nane. Hakuwahi kupewa. Ufunguo wa kufuli lile ulikuwa ukiishi ndani ya bodi ya mashine yake mwenyewe, na hapakuwa na bodi nyingine duniani iliyoujua. Akazunguka maduka matano ya vipuri akiwa na picha za plagi kwenye simu. Katika picha, plastiki nyeusi ndani ya shimo jeusi ilionekana kama kipande cha usiku. Wauzaji walikuza, wakapunguza, wakarudisha simu.

Mchana akarudi kwa yule kijana mwembamba aliyemuuzia. Hakumkumbusha maonyo yake, na Mama Rula akamheshimu kwa hilo.

"Zimeniishia," kijana alisema. "Anazo mtu mmoja tu hapa mjini. Bibi Nati. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye shirika la simu miaka thelathini. Ofisi zikitupa mashine kama hizi, yeye huziokota. Ana chumba kizima."

"Nielekeze."

"Kukuelekeza nitakuelekeza, mama. Lakini hauzi. Nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza nilimwahidi bei mara mbili. Mara ya pili nilimbembeleza. Mara ya tatu nilimwambia vitaozea humo ndani na yeye akiwa hapohapo. Sikuruhusiwa hata kumaliza sentensi."

Mama Rula hakwenda moja kwa moja. Alirudi ofisini, akaitoa pawa saplai iliyokufa, akaiweka kwenye mwanga wa dirisha. Kisha, kwa kuwa kompyuta haikuwapo na kwa kuwa yeye hakuwahi kukielewa kitu mpaka akichore, alichukua karatasi, penseli na rula, akaichora plagi ile mara kumi ya ukubwa wake. Aliichora kwa mbele, kwa ubavu, kwa juu. Aliichora ndoano yake ndogo ya kushikia. Aliandika rangi ya kila waya na unene wake, na kila pini aliipa namba. Alipofika kwenye pini ya nne aliinua penseli. Tundu lilikuwapo, chuma kilikuwapo, lakini waya haukuwapo. Haukukatika. Haukuwahi kuwekwa. Alikaa akilitazama tundu lile kwa muda mrefu, akiwa amesahau kabisa kwamba ana haraka.

Alhamisi asubuhi alibisha mlango wa Bibi Nati. Ilikuwa nyumba ya chini yenye mlango wa chuma, na katikati ya mlango kidirisha cha ukubwa wa kitabu. Kidirisha kikafunguka. Macho mawili yakatokea nyuma ya miwani minene.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Siuzi."

"Sijaja kununua, bibi. Nimekuja kuuliza."

"Simu sizitazami. Vioo vyenu vinaniumiza macho."

"Sina simu mkononi. Nina swali moja." Mama Rula aliikunjua karatasi, akaiinua mbele ya kidirisha. "Kwa nini pini ya nne haina waya?"

Macho nyuma ya miwani yaliteremka kwenye karatasi, yakapanda, yakateremka tena. Kidole kilichopinda kikatoka kidirishani, kikagusa ukingo wa mchoro.

"Nani kachora hii?"

"Mimi."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono, bibi."

Makomeo matatu yalisikika yakivutwa moja baada ya jingine, na mlango wa chuma ukafunguka.

Ndani hapakuwa na takataka kama watu walivyosema. Rafu zilipanda mpaka darini, na kila rafu ilikuwa na makopo, na kila kopo lilifungwa kijikaratasi kwa uzi. Bibi Nati alikuwa mfupi, amevaa koti la kazi la buluu lililopauka mabegani. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka kidogo bila kukoma, kama maji kwenye kikombe gari linapopita. Aliutandaza mchoro mezani, akaubana kwa nati mbili kubwa, akavuta stuli.

"Keti, mwanangu. Umeuliza swali ambalo sijaulizwa tangu nistaafu." Akagonga karatasi. "Pawa saplai ya kawaida huleta umeme wa aina tatu, ikaugawa yenyewe kama mama anayepakulia watoto sahani. Ndiyo maana plagi yake ni kubwa. Hii yako huleta aina moja tu, na bodi ndiyo inayojigawia. Nyaya chache, joto kidogo, upepo unapita. Ni akili."

"Kwa hiyo si uchoyo wa kampuni?"

Bibi Nati akacheka mpaka akakohoa. "Uchoyo upo pia! Wangeweza kukubaliana na wenzao wakaweka plagi moja. Hawakutaka. Akili na uchoyo hulala kitanda kimoja, na huwezi kujua nani kavuta shuka. Lakini pini ya nne..." Macho yake yaling'aa. "Mashine hii ina kaka yake mkubwa, anayekula umeme mwingi zaidi. Waya wa nne ni wa huyo kaka. Walitengeneza plagi moja kwa wote wawili, hii yako wakaiachia tundu tupu. Yule shemeji yako anayekata nyaya... unaye, sivyo? Kila mtu anaye. Angeunganisha waya hapo, ungekuwa na moshi sasa hivi."

Mama Rula aliinama tena juu ya tundu la nne kwenye mchoro.

Bibi Nati aliinuka, akaenda kwenye rafu, akarudi na pawa saplai mbili zilizofanana kama mapacha. Akaziweka mezani. "Chagua."

Mama Rula hakuzigusa kwanza. Alisoma lebo. Namba zilikuwa zilezile mpaka herufi ya mwisho. Akazigeuza, akatazama plagi, akazilinganisha na mchoro wake. Ya kwanza ilikuwa na nyaya nane. Ya pili ilikuwa na saba.

"Hii," alisema. "Ile ni ya kaka."

"Chukua." Bibi Nati alikuwa tayari anaifungia kwenye gazeti. "Wanakuja hapa, wananiambia, 'Bibi, nipe kile cheusi.' Cheusi! Kama mtu aende kwa daktari amwambie nipe kile kidonge cheupe. Nitawapaje? Wataenda kukishindilia. Wewe niachie huo mchoro. Miaka hii nimetaka kuzichora plagi zangu zote, na mikono hii imenikatalia."

Mama Rula alimwachia mchoro kwa mikono miwili.

Saa sita mchana pawa saplai ilikuwa imekaa mahali pake. Iliingia ikatoa mlio mdogo, tk, kama ulimi unaokubali jambo. Alibonyeza kitufe cha nyuma. Kijitaa kikawaka kijani. Akawasha. Kioo kikapata uhai. Kisha maneno yakatokea, meupe juu ya weusi: feni ya mbele haionekani, mashine itajizima. Ikajizima. Aliiwasha mara tatu, ikamjibu vilevile mara tatu, huku feni ya Koleo ikizunguka kwa fahari na kumulika rangi zake ukutani.

Hapo hasira ikampanda. Alichukua mkoba, akateremka ngazi mbilimbili, akielekea karakana ya Koleo huku akipanga maneno. Yalikuwa maneno mazuri, makali, yaliyonyooka. Angemwambia habari za moshi. Angemwambia habari za wanawake nyuma ya pazia. Njiani, mbele ya duka la viatu, hatua zake zikapungua. Alimjua shemeji yake kwa miaka kumi na sita. Ukimgusa kwa lawama alijifunga kama konokono, na hapangekuwa na wa kumtoa mpaka wiki ijayo. Je, feni ile ingepatikana kwa vishindo? Yule kijana wa dukani aliujaribu mlango wa Bibi Nati kwa bei, kwa kubembeleza na kwa kejeli. Alivuta pumzi, akayameza yale maneno yote, nayo yalikuwa machungu kweli.

Koleo alikuwa kwenye meza yake ya kuchomelea, ameinama. Hakuinua kichwa. Dirishani pake, imefungwa kwa waya, feni ya zamani ya mashine ilikuwa ikizunguka kimyakimya, ikivuta moshi wa risasi ya kuchomelea na kuutupa nje.

"Shemeji," Mama Rula alisema, "hiyo uliiwashaje? Ina nyaya tano. Feni ninazozijua zina mbili."

Mabega ya Koleo, yaliyokuwa yamejiandaa kwa vita, yakashuka. "Umeona eh?" Akageuka. "Nilikaa nayo saa nzima. Mbili ni za umeme. Ya tatu, nadhani, inapokea amri ya kasi. Ya nne inarudisha habari kwamba feni inazunguka. Ya tano..." Akasita. "Ya tano sikuielewa. Imeungwa na ule waya hasi wa umeme tu, ndani kwa ndani. Haifanyi kazi yoyote."

"Labda ndiyo inayosema, 'Mimi ni wa nyumba hii.'"

Koleo alimtazama. Kisha akaitazama feni. Uso wake ukabadilika taratibu, kama wa mtu anayehesabu na hesabu inamfikisha asikotaka. "Ile niliyokuwekea ina nne," alisema polepole. "Kwa hiyo mashine..."

"Inaniambia haimwoni mtu."

"Lahaula." Akaizima feni. "Shemeji, plagi yake niliikata ili niiunge na betri."

Mama Rula alifumba macho. "Umeitupa?"

"Mimi? Natupa kitu mimi?" Akavuta kopo chini ya meza, akamwaga vipande mezani, akachambua kwa kidole kimoja. Plagi ndogo nyeupe ilikuwamo, na vishina vitano vya nyaya vikiwa vimebaki, urefu wa ukucha. "Ni vifupi. Fundi mwingine atakuambia haiwezekani."

"Na wewe?"

Koleo alisafisha ncha ya kifaa chake cha kuchomelea, akavaa miwani, akashika pumzi. Mama Rula alimshikia taa. Waya mmoja baada ya mwingine, rangi kwa rangi, bila kukisia hata mara moja, alivirudishia vishina vile urefu wake, akavivisha mirija myembamba, akavipulizia. Viungo vilikuwa vidogo na laini kama punje za mtama. Miaka kumi na sita, na Mama Rula hakuwahi kumwona shemeji yake akifanya kazi taratibu.

Walikwenda pamoja. Koleo aliing'oa feni yake ya taa tatu mwenyewe, akairudisha ya zamani. Hakushindilia. Aliigeuza plagi mpaka ikakubali, ikaingia. Akarudi nyuma hatua mbili, akaficha mikono mgongoni.

"Washa wewe," alisema.

Mashine ikawaka. Hakukuwa na maneno meupe. Ukurasa ukafunguka, na wodi ya wazazi ikasimama mbele yao, kuta zake zote nne.

"Ndiyo hii?" Koleo aliuliza. Akasogeza uso karibu na kioo. "Wanalala humu?"

"Watalala."

"Soketi umewawekea chache," alisema. "Kila kitanda kinahitaji mbili. Mama akijifungua, kuna taa na kuna ile mashine ya kumpa mtoto joto."

Alikuwa sahihi. Wakaongeza soketi kumi na mbili, wakamaliza kuchapa karatasi zote kumi na nne kabla jua halijazama. Ijumaa, dakika ishirini kabla ya saa sita, Mama Rula na muuguzi mkuu waliziweka mezani kwa kamati, na saa nane na nusu mwenyekiti alitoka akisema ujenzi utaanza mwezi ujao. Muuguzi mkuu alimshika Mama Rula mkono na hakuuachia mpaka walipofika barabarani.

Jumatatu iliyofuata ngazi za ofisi zilisikika zikipandwa polepole, na kupumzika, na kupandwa tena. Bibi Nati aliingia akiwa na koti lake la buluu na mfuko wa nguo uliojaa. Akaumimina juu ya meza ya kuchorea: plagi, mamia ya plagi, za maumbo yote.

"Nimesikia hiyo mashine inachora bila mkono kutetemeka," alisema. "Nifundishe."

Mama Rula alimkalisha kwenye kiti chake. Bibi Nati alikishika kipanya kwa vidole viwili, kama mtu anayemshika panya wa kweli, na mshale kwenye kioo ukaruka huku na huko. Koleo, aliyekuwa amekuja kutengeneza soketi ya ukutani, alisogea haraka, mkono umenyooka tayari kuushika mkono wa bibi na kuuburuta. Kisha akausimamisha mkono wake hewani, akaurudisha.

"Bibi," aliuliza, "ungependa tuanze na ipi?"

Bibi Nati alichambua lundo kwa muda, akachagua plagi moja ndogo ya kijivu, akaiweka kwenye mwanga wa dirisha. Ilichukua asubuhi nzima kuchora mstari wake wa kwanza. Ulikuwa umenyooka, na yule bibi aliyewafukuza watu mlangoni kwake miaka yote alicheka kwa sauti iliyosikika mpaka duka la vioo. Aliyekwenda na pesa hakuingia, wala aliyekwenda na kejeli. Aliyekwenda na swali alifunguliwa. Ndiyo maana tunakiri, kwa mashine na kwa binadamu vilevile, kwamba kila mlango na ufunguo wake.